Mashine ya Kukunja Bomba Haichaguliwi Kama Maksai

Gitting, jioni

Paskalina mwanangu,

Familia ya fundi wa nyuma ya zizi, Gitting, inatangaza kwa heshima na taadhima kwamba paka wa nyumba hii amejifungua salama ndani ya kofia ya baba ya kuchomelea. Watoto ni watatu, wote wana rangi ya kutu. Habari ziwafikie shangazi aliyeko Masakta, mjomba aliyeko Katesh, pamoja na wateja wote wenye mageti ambayo hayajakwisha, popote pale walipo. Kutokana na tukio hilo, shughuli za kuchomelea zimesimama hadi mama mzazi atakapoamua vinginevyo. Nilijaribu kuzungumza naye asubuhi. Alinitazama, akafumba macho, nikaelewa kwamba kikao kimefungwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu la pili ni zito, na nyumba hii haijazoea kuanza na mazito.

La pili ni mashine. Wewe umesema kesho unakwenda Dongobesh na ile jeki yangu ya kukunjia mabomba, na mashine yako nzuri, ile ya kuzungusha, unaniachia mimi. Ulisema mezani mbele ya Bibi ili nisiweze kubishana. "Baba bega lake bovu, na viti vya kanisa vinamsubiri hapa. Mimi nitaanza na jeki, nikipata uwezo nitanunua nyingine." Mama yako akasema umeongea kama mtu mzima. Bibi alikuwa anatafuna. Mimi nikasema jeki inanitosha, wewe ukasema hainitoshi, nikasema basi tutaona. Unajua kwamba nikisema tutaona huwa nimeshindwa. Safari hii sijashindwa, ndiyo maana naandika. Kwa mdomo unanimaliza kabla sijafika kwenye nukta.

Sitakuandikia habari ya kula, wala sweta, wala kumsalimia mwenye nyumba kabla hajakusalimia. Mama yako amekwisha kuyasema hayo yote, na mengine ameyafunga kwenye kanga pamoja na unga. Nataka kukuandikia habari ya kuchagua mashine ya kukunja bomba, kwa sababu ni jambo ambalo nimelikosea mara nyingi kiasi cha kuwa mtaalamu. Wapo watu wanaojua kitu kwa kukipatia. Mimi nimezunguka kwa nyuma.

Unakumbuka enzi za mchanga? Ulikuwa bado shule ya msingi, unakuja karakana na sare unanishikia ncha ya bomba. Hatukuwa na mashine yoyote. Tulikuwa na rimu ya lori iliyochimbiwa chini nusu, mkaa wa mama yako, na magunzi. Unajaza bomba mchanga mkavu ili lisibonyee, unaziba huku na huku kwa gunzi la muhindi, unalipasha moto mpaka liwe jekundu, kisha unalizungushia kwenye rimu taratibu kama mtu anayemvisha mtoto shati. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ni njia nzuri, usiidharau. Ila mchanga lazima uwe mkavu kweli. Siku ile ya vishikio vya toroli niliuchota kwenye korongo, nikautazama, nikaona mkavu. Ulikuwa mkavu juu tu. Moto ulipokolea, maji yaliyokuwa ndani yakawa mvuke, na gunzi likatoka kwenye bomba kama risasi, likavuka uwanja, likamruka mbwa, likatua ndani ya sufuria ya makande.

Mama yako alilitoa kwa mwiko. Akanitazama. "Baba Paskalina," akasema, "mahindi yalikuwa yanatosha."

Nilicheka, na wewe ulicheka, lakini nilikuona unaokota kile kibomba kilichopoa na kuchungulia ndani. Ulikaa nacho muda mrefu. Watoto wengine wangekwenda kusimulia habari ya gunzi. Wewe ulikwenda ukaweka mchanga kwenye bati, ukauanika juani, na jioni ukanionyesha jinsi ulivyobadilika rangi. Sikukusifia. Nilikuambia uingize kuku. Nakusifia sasa, kwa sababu utakaposoma haya utakuwa mbali na hutaweza kuniuliza kwa nini macho yangu yako hivyo.

Halafu ikaja jeki. Hii habari unaijua nusu, maana ulikuwa chuo cha ufundi wakati ule na mimi nilikusimulia nilivyopenda. Tulikuwa tumeuza ngano vizuri. Nikasema mchanga basi, sasa nitakuwa fundi mwenye mashine. Nikaenda Babati, nikakuta jamaa anauza vyuma vilivyotumika, na katikati ya vyuma imesimama hiyo jeki, nyekundu, pana, imekaa kama mwenyekiti wa kijiji. Mimi maishani nimenunua vitu vikubwa vya aina moja tu, ng'ombe. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikaizunguka. Nikatazama miguu. Nikaipiga kofi mgongoni. Nikajaribu kuisukuma kwa bega nione kama ina msimamo. Haikutikisika, nikaridhika sana.

Yule muuzaji alikuwa ameegemea mlango anakunywa chai. "Mzee," akasema, "nikufungulie mdomo uangalie meno?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, nikalipa, nikaileta nyumbani. Nilichagua mashine kama mtu anayechagua maksai wa plau: shingo nene, kifua kipana, uzito. Na kweli, kama ningetaka kuifunga nira, ingelima eka nzima.

Sikuuliza swali moja tu, nalo ndilo lililokuwa na maana: inakunja bomba gani? Ile jeki imetengenezwa kwa mabomba ya maji. Bomba la maji ni nene, na ile inchi yake inapimwa kwa tundu, kwa hiyo nje linakuwa pana zaidi. Bomba la fanicha ni jembamba, na inchi yake inapimwa kwa nje. Dukani yote mawili yanaitwa inchi moja, na mimi nikadhani inchi ni inchi, kama vile debe ni debe. Ukiweka bomba la fanicha kwenye kalibu ya bomba la maji, ule mfereji wa chuma linamolala, linacheza mle ndani kama mtoto aliyevaa koti la babu yake. Jeki ikisukuma katikati, mbavu hazina wa kuzishika, zinatanuka, kisha ndani ya kona panabonyea. Nilibonyeza mabomba mengi sana kabla sijaacha kuyalaumu mabomba. Nililaumu kiwanda, nikalaumu baridi ya Gitting, na siku moja nilimlaumu Bura jirani yetu kwa kupita na pikapu wakati nasukuma.

Sikuandikii haya ili unicheke, ingawa ruhusa unayo. Nakuandikia kwa sababu ya Bibi.

Bibi alipoteleza kwenye njia ya zizini na nyonga ikaumia, tulikaa miezi tunambeba. Wewe ulikuwa umerudi kutoka chuo. Unajua alivyokuwa. Mwanamke aliyekuwa anatembea hadi Katesh kwa miguu na kurudi, akawa anangoja mtu ampeleke chooni. Hakulalamika, ila aliacha kunywa maji ili asitusumbue. Wewe ndiye uliyegundua hilo, sisi wengine tulidhani kiu imepungua kwa sababu ya umri.

Ndipo akaja dada Zuhura, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyehamishiwa huku kutoka pwani, mwenye kuvaa makoti mawili hata Desemba. Alimwinua Bibi, akampima mikono, akasema huyu mama atatembea, anachohitaji ni fremu ya kushikilia, ya miguu minne, nyepesi, imara. Akanichorea. Mimi nikavimba kifua nikasema, dada, hilo ni suala la kesho kutwa.

Nikatengeneza. Kwa jeki. Pale juu, bomba linapokata kona kushuka kuwa mguu, pakabonyea pande zote mbili. Nikapaka rangi ya fedha mara mbili nikidhani rangi itaficha. Bibi akapelekewa mahali alipokaa. Aliishika, akapitisha kidole kwenye ile kona, akasema kwa lugha yetu kwamba hilo ni goti la mbuzi, na yeye hajawahi kumwegemea mbuzi. Akaisukuma pembeni.

Dada Zuhura naye akaja akaitazama. Yeye ana adabu ya kwao, hakuambii jambo baya bila kulifunga kitambaa. "Baba Paskalina, kazi yako nimeipenda, rangi umepaka vizuri sana. Ila usinikasirikie. Hapo palipobonyea ndipo patakapokatika, na patakatika siku atakayoegemea kwa uzito wake wote, maana siku hiyo atakuwa amekwisha kupaamini."

Sikukasirika. Nilienda kukaa nyuma ya zizi. Wewe ulinifuata, ukakaa kwenye lile gogo, hukuniambia pole. Ulisema, "Baba, tatizo siyo wewe. Tatizo ni umbo la kalibu. Twende Arusha." Hata sasa sijui kama ulikuwa unanihurumia au ulikuwa unasema ukweli wa kifundi. Kwako hivyo viwili huwa vinafanana, na hicho ni kitu ambacho sikukufundisha mimi.

Sasa Arusha nataka niiandike vizuri, kwa sababu wewe ulikuwa ndani ya tukio na hukuweza kujiona. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika mfuko.

Tuliingia duka lile refu. Kijana wa duka akaniamkia mimi, shikamoo mzee, nikaitikia marahaba, akanishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwenye jeki kubwa kuliko yangu. "Hii ni kitu ya uhakika, mzee. Hii unakunja mpaka umechoka." Nakiri moyo wangu ulikwenda. Ilikuwa na kifua kipana. Mkono wangu ulishaanza kunyanyuka kuipiga kofi, wewe ukaushika bila hata kunitazama.

"Kaka," ukamwambia, "ile ya kuzungusha iko wapi?"

"Ile ya mkono? Ile ndogo, dada. Ile ya hobi, ya kuchezea."

"Naomba kuiona hiyo ndogo."

Akatupeleka kwenye kona. Mimi nilipoiona nilifadhaika. Gurudumu moja lenye mfereji, kibanio kimoja, kitako cha kuegemeza bomba, na mpini mrefu. Nikafikiri, hii ni mashine au ni sehemu iliyodondoka kutoka kwenye mashine? Wewe ukafungua begi ukatoa kipande cha bomba la fanicha ulichokata nyumbani, na kile kipimo chako cha kubana. Ukapima bomba kwa nje. Ukapima mfereji wa gurudumu. Ukalilaza bomba mle ndani, ukalitikisa, halikucheza. Halafu ukaniita, "Baba, weka ukucha hapa." Nikaweka. Haukuingia. Nilisimama pale na ukucha wangu nikaelewa mabomba yangu yote yaliyobonyea, moja baada ya jingine.

"Nikunjie hiki," ukamwambia yule kijana.

"Dada, mashine ya maonyesho haikunjiwi."

"Basi na mimi ni mnunuzi wa maonyesho. Nitasimama tu hapa niangaliwe."

Alijaribu kucheka. Ukaendelea kusimama. Wateja wawili wakasogea. Mzee mmoja mwenye kofia akasema, "Mkunjie huyo binti bwana, au mnauza picha?" Kijana akaenda kumwita bosi wake, bosi akaja na uso wa kukataa, akaona jinsi ulivyoshika bomba, akabadilisha uso. Akasema kunja mwenyewe.

Ukakunja. Hukuvuta kwa nguvu, ulitembea na mpini, hatua fupi, kama mtu anayezungusha kinu cha mafuta. Ile mashine haisukumi bomba kwa tumbo kama jeki. Inalishika kichwani, inalivuta kulizunguka gurudumu, na upande wa nje kile kitako kinaliegemeza njia nzima, kwa hiyo hakuna mahali linapobaki peke yake. Ukalipitisha kidogo kona uliyoitaka. Nikataka kukuambia umezidisha, ukaachia mpini, chuma kikarudi chenyewe mpaka mahali pake. Ukalitoa, ukanipa. Nilipitisha kidole kwenye kona kama alivyofanya Bibi. Laini, duara tupu, hakuna goti la mbuzi.

Yule mwenye kofia aliomba alishike. Bosi naye akaomba. Bomba likatembea mikononi kama mtoto mchanga siku ya ubatizo. Mimi nilikuwa nasema moyoni, huyu ni wangu, na sikuweza kusema kwa sauti kwa sababu nilikuwa nimeshika mfuko wa mikate.

Kisha ukamuuliza maswali ambayo nayaandika hapa, ili siku utakapomshauri mtu mwingine ukumbuke kwamba yalikuwa ya kwako. Ukauliza kama kalibu za saizi nyingine zinapatikana moja moja au mpaka ununue seti. Ukauliza gurudumu lina upana gani ukilinganisha na bomba, kwa sababu ukikunja kona ya karibu mno hata mashine nzuri italibonyeza, na ukasema wewe hutaki kona iliyo chini ya mara tatu ya upana wa bomba kwa nje. Ukauliza pini zinazoshika mpini ni za chuma gani, kisha ukauliza zikiisha utazipata wapi. Ukauliza kama kuna alama za nyuzi za kona pembeni, ili ukikunja mguu wa kushoto leo, wa kulia kesho ufanane nao. Hukuuliza uzito. Hukuuliza rangi. Bosi alijibu manne, moja akasema hajui, na kwa sababu alisema hajui ukamwamini hayo manne. Hapo ndipo nilipoona kwamba mwanangu anajua kununua hata ng'ombe.

Sina mawaidha marefu. Nimeishi miaka yangu nikivutiwa na vifua vipana. Nilivutiwa na jeki, nikavutiwa na trekta bovu la marehemu mzee wa Masakta, nikavutiwa na mshirika mmoja wa biashara aliyekuwa anaongea kwa sauti nene. Kila mara nilisahau kupima mfereji. Hata kuoa kwangu, kama siyo mama yako kunipima mimi badala ya mimi kumpima yeye, sijui ningeangukia wapi. Nadhani hilo ndilo ninalolijua. Mtu akikuonyesha nguvu zake, toa kipande chako cha bomba kwenye begi umwambie akikunje. Kama ni wa kweli hatachukia.

Jambo jingine ni lile la kurudi. Chuma hurudi kidogo baada ya kukunjwa, na kila aina inarudi kivyake. Ulinifundisha kukunja kipande cha majaribio kwanza, nijue bomba la safari hii linarudi kiasi gani. Mimi kwa watoto wangu sikukunja kipande cha majaribio. Wewe ulikuwa wa kwanza, ukawa wewe ndiye jaribio. Nilikukunja zaidi ya kipimo mahali pengine. Ile siku nilipokukataza kwenda chuo cha ufundi nikasema welding ni kazi ya wanaume, unaikumbuka, najua unaikumbuka, na mama yako hunikumbusha kwa wastani kila Jumapili. Wewe ulirudi mahali pako penyewe, ukasimama wima. Ni sifa ya chuma. Fundi asijipe.

Basi tukarudi na mashine, na ukatengeneza fremu ya Bibi kwa asubuhi moja. Aliishika, akapitisha kidole, akaivuta karibu naye. Siku ya tatu au ya nne mama yako alisikia kitu kinagonga uwanjani, akatoka, akamkuta Bibi yuko kwenye mtungi anajichotea maji, amesimama mwenyewe. Alikunywa kikombe kizima, akachota kingine. Mvua ikinyesha mfululizo siku hizi sote tunautazama mlima kwanza, kwa hofu ya maporomoko, lakini Bibi anatazama njia yake kama ina utelezi, kisha anatoka.

Na kwa sababu ya fremu ile dada Zuhura, alipohamishiwa Dongobesh, akakutafutia chumba chenye kibaraza barabarani, akasema wagonjwa wake wa mguu na nyonga wanategemea fito na mabega ya wajukuu. Ndiyo kazi unayokwenda kuifanya. Hao watu hawakujui. Wataegemea kona ulizokunja kwa uzito wao wote, na dada Zuhura alikwisha kusema siku gani kona mbovu hukatika. Sasa unataka uwakunjie kwa jeki yangu? Uende kuanza na magoti ya mbuzi, halafu ukipata uwezo ndiyo uanze kuwahurumia? Na viti vya kanisa vyangu, mwanangu, mtu akianguka kwenye kiti cha kanisa, anaanguka mahali pazuri. Kuna padri hapo hapo.

Nilijua hutakubali. Kwa hiyo sasa nikueleze ukweli wa leo mchana, kama ulivyotokea, bila kuupaka rangi ya fedha.

Nilikuambia uende Masakta kumuaga shangazi. Shangazi alikwisha kuagwa juzi kwa simu, na hakukuuliza kwa nini unamuaga tena kwa sababu nilimwomba. Ulipopotea kwenye kona nikachukua spana nikaenda kwenye mashine.

Unajua ulivyoisimika. Ulimwaga zege, ukapanda boliti nne ndani yake nyuzi zikitazama juu, ukasema mashine ya kuzungusha isiposhikwa na ardhi itakuzungusha wewe. Nikaanza na nati ya kwanza. Haikusogea. Nikaweka bomba kwenye spana kuongeza urefu, nikavuta kwa uzito wangu wote. Bega likalia. Nikapumzika, nikajaribu ya pili, nayo vivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa chini natokwa jasho niliposikia fremu inagonga. Bibi alikuwa amekuja mwenyewe kutoka jikoni. Akasimama mlangoni akanitazama kama anavyomtazama mtu anayekamua ng'ombe asiye na maziwa.

"Unafanya nini?"

"Naing'oa, mama. Aende nayo."

"Amekubali?"

"Hajui."

Akafikiri. "Huko Dongobesh kuna wazee?"

"Wapo wengi."

"Basi ing'oe," akasema. Halafu, alipokuwa anageuza fremu aondoke, akaongeza, "Unakaza."

Nilikuwa nakaza kweli. Nilikuwa nimelala upande wa pili wa mashine, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto, na nimekaza nati mbili kwa nguvu zangu zote. Nikageuza spana, zikalegea.

Bura akaleta pikapu, tukaipandisha yeye na mimi na mkewe, tukailaza chini kabisa, tukapanga juu yake viazi vyake anavyopeleka Dongobesh. Kesho asubuhi utapanda mbele, na itakuwa nyuma yako njia nzima bila wewe kujua. Jeki yangu nimeitoa kwenye mizigo yako, nikaweka mahali pake gunia la mahindi lenye uzito kama wake, na karakana nimeifunga, eti paka asisumbuliwe. Barua hii nitampa Bura, akukabidhi mkishaipita Haydom, mbali kiasi kwamba huwezi kumgeuza.

Na la mwisho, kwa kuwa nimesema ukweli. Baada ya pikapu kurudi kwa Bura nilichukua kipande cha bomba la fanicha, nikakiweka kwenye jeki, nione kama inanitosha kama nilivyokuambia mezani. Hainitoshi. Kilibonyea kama vingine vyote. Kwa hiyo viti vya kanisa nitavitengeneza vya pembe, vya kukata na kuchomelea bila kukunja, na kila atakayetaka duara nitampa namba yako. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa nimekwisha kumweleza. Amesema Bwana anaabudiwa hata kwenye pembe.

Pale kwenye zege zimebaki boliti nne zimesimama. Mama yako amesema nizikate kwa grenda kabla mtu hajajikwaa. Nimezifunika kwa debe.

Ni mimi baba yako.